Picha imepungua, namba imebaki ileile: chembe za Sabaki na kipimo cha pikseli

Swali: “Shikamoo mwalimu. Niko Malindi, kazi yangu ni kupima chembe za mashapo ya Mto Sabaki. Tulichota sampuli baada ya masika, mlangoni mwa mto na karibu na matumbawe, tukazipiga picha kwa hadubini, lenzi ya kukuza mara 10. Kwa kioo cha rula (kioo kilichochorwa rula ndogo sana) tulipata pikseli 1 ni mikroni 0.5, yaani nusu ya sehemu ya elfu ya milimita, na namba hiyo ndiyo niliyoiweka kwenye ImageJ, programu ya kupimia picha. Picha asili ni za pikseli 2592 kwa 1944. Mwenzangu alinitumia nyingi kwa WhatsApp, nikazipima hizo hizo. Sasa chembe moja ambayo kwenye picha asili ni mikroni 72, kwenye picha niliyotumiwa inasoma 44. Lenzi ni ileile, hadubini ni ileile, na nikitazama sifa za faili zote zimeandikwa dpi 96. Nimejaribu kuikuza picha irudie ukubwa wake wa kwanza lakini sina imani nayo. Je, nitupe vipimo vyote nianze upya? Na siku nyingine nikitaka kupunguza picha, nifanyeje nisiharibu vipimo?”

Marahaba, mwanangu. Usitupe kitu bado. Vipimo vyako vingi vinaokoka kwa kuzidisha namba moja tu, na visivyookoka tutavitambua. Lakini nataka kwanza uone kilichotokea, kwa sababu nikikupa namba ya kuzidisha bila kukueleza ilikotoka, kesho utaizidisha mahali isipostahili.

Umefanya vyema kushtuka. Wapima mashapo huuweka mpaka wa mchanga na tope laini kwenye mikroni 63, yaani 1/16 ya milimita. Chembe yako ya 72 ni mchanga, mwembamba sana lakini mchanga. Ikisomwa 44, imeshageuka tope. Mchanga huzama mapema, si mbali na mlango wa mto. Tope laini hubaki likielea, likasafiri na yale maji ya rangi ya udongo yanayofika hadi ufuoni Malindi mvua zikikolea, nalo ndilo linaloyanyima matumbawe mwanga na kuyafunika. Hifadhi ya Bahari ya Malindi iko pale tangu 1968, na swali la Sabaki inaipelekea nini ni swali zito. Ripoti yako ingesema tope ni jingi kuliko lilivyo, na mtu angeamua jambo kwa kuitegemea.

Sasa fikiria mkeka. Mkeka wa upana uleule, ukiushona kwa kili nyembamba, utahitaji kili nyingi. Ukiushona kwa kili pana, chache zinatosha. Mkeka haujapungua, watu walewale wanalala juu yake. Aliyezoea kuujua upana wa mkeka kwa kuhesabu kili, siku akikutana na kili pana akaendelea kuhesabu kana kwamba ni zile nyembamba, ataapa kwamba mkeka umekatwa. Pikseli ndizo kili za picha. Simu, ilipoipunguza picha ili kuituma kwa WhatsApp, haikukata chembe yako wala haikuisogeza. Iliifuma upya picha nzima kwa kili pana zaidi, chache zaidi, nawe ukaendelea kuhesabu kwa upana wa zamani.

Tuifuate kwa hesabu. Picha asili ina pikseli 2592 kwa upana, kila moja inafunika mikroni 0.5 za kile kilicho juu ya kioo. Zidisha: mikroni 1296. Hiyo ndiyo sehemu ya kioo ambayo kamera iliiona, na hakuna programu wala simu inayoweza kuibadilisha baada ya picha kupigwa. Picha uliyotumiwa ina pikseli ngapi? Hukuniambia, lakini namba zako zimeshasema. 72 kwa 44 na ushei ni uwiano wa 1.62, na 2592 ukigawanya kwa 1.62 unapata 1600 kamili. Kwa hiyo picha ya simu ni 1600 kwa 1200. Fungua sifa za faili uhakikishe. Mikroni zilezile 1296 sasa zinagawanywa na pikseli 1600, na kila pikseli inafunika mikroni 0.81. Chembe iliyokuwa na pikseli 144 sasa ina 89 hivi. Zidisha 89 kwa 0.5, unapata hiyo 44 iliyokutisha. Zidisha 89 kwa 0.81, unapata 72.

Ile 0.5, basi, haikuwa mali ya lenzi wala ya hadubini. Ilikuwa mali ya picha yenye pikseli 2592. Hapo ndipo wengi wanapopotea, hata watu wa miaka mingi kwenye maabara: wanaandika kwenye karatasi “lenzi ya 10 = 0.5”, wanaibandika ukutani, na karatasi ile inawadanganya siku zote. Andika badala yake “lenzi ya 10, upana wa picha nzima = mikroni 1296”. Namba hiyo inadumu. Picha yoyote isiyokatwa kutoka lenzi ile, iwe imepunguzwa au imekuzwa, gawanya 1296 kwa idadi ya pikseli zake za upana na umepata kipimo chake.

Kuhusu dpi, iweke kando kabisa. Dpi ni maagizo kwa printa: zichapwe nukta ngapi katika kila inchi ya karatasi. Picha yako ya 2592 na picha ya 1600 zinaweza zote kuandikwa 96, na unaweza kuibadilisha 96 iwe 300 bila pikseli hata moja kuguswa. Haijui chochote kuhusu mikroni zilizo juu ya kioo. Ila jihadhari na kitu kimoja: baadhi ya programu za kuhariri picha, ukibadilisha dpi, zinabadilisha na idadi ya pikseli kimyakimya kwa sababu kisanduku fulani kilikuwa na tiki. Kwa hiyo usiangalie dpi, angalia upana na urefu kwa pikseli, kabla na baada.

Nije kwenye ImageJ, kwa sababu nadhani najua mlipokosea. Programu hii aliiandika Wayne Rasband kwenye Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, ni ya bure, na kwa jambo hili ina busara. Ukiipunguza picha ndani yake kwa amri ya Scale, au ya Size iliyo chini ya Adjust, zote kwenye menyu ya Image, nayo picha ikiwa na kipimo chake yenyewe, programu inakirekebisha kipimo cha pikseli bila wewe kuombwa. Fungua Properties utaona 0.5 imekuwa 0.81. Lakini kwenye dirisha la Set Scale kuna kisanduku kiitwacho Global. Ukikitia tiki umeiambia programu kwamba kila picha iliyo wazi, na kila utakayoifungua baadaye mpaka uifunge programu, ni mikroni 0.5 kwa pikseli, na hata ukipunguza picha humo humo, iliyopunguzwa itabaki na 0.5. Picha za JPEG, yaani faili za picha zilizobanwa, zilizotoka kwenye simu hazibebi kipimo chochote cha mikroni. Zikifunguliwa zinapaswa kusoma kwa pikseli tu. Kama zako zilisoma mikroni moja kwa moja, bila wewe kuandika kitu, basi Global ilikuwa imetiwa tiki. Iondoe. Inafaa siku ambayo picha zote zimetoka kwenye lenzi moja, kamera moja, ukubwa mmoja, na hazijaguswa. Siku nyingine zote ni hatari.

Hapa niseme habari ya kamera yenyewe, kwa sababu kosa hilihili linaweza kutokea kabla hata picha haijafika kwenye simu. Kamera nyingi za hadubini zina orodha ya ukubwa wa kuchagua: 2592 kwa 1944, 1280 kwa 960, 640 kwa 480. Niliwahi kuletewa jedwali la vibuu vya kamba, vipimo mia na kitu, na ukiuchora mgawanyo wake unaona vilele viwili vilivyoachana vizuri, kimoja karibu mara mbili ya kingine. Kijana aliyelileta alikuwa ameshaandika maelezo ya vizazi viwili, kimoja cha mapema na kimoja cha nyuma yake. Nikamwomba anionyeshe picha, si jedwali. Tukatazama faili moja baada ya nyingine upande wa kulia wa dirisha, pale panapoandikwa ukubwa. Asubuhi zote zilikuwa 2592. Baada ya saa sita zote 1280. Mtu alibadilisha kamera ili picha iende kasi kwenye skrini, akasahau kuirudisha. 2592 kwa 1280 ni 2.025, na vile vilele viwili vilikuwa vimeachana kwa uwiano huohuo. Vibuu vilikuwa vya kizazi kimoja. Ilituchukua dakika kumi kuligundua, na lingepita tu kama tusingefungua picha.

Na uangalie zaidi: kuna kamera ambazo ukichagua ukubwa mdogo hazipunguzi picha, zinakata pembezoni na kubakiza katikati. Hizo kipimo cha pikseli hakibadiliki, kinachobadilika ni upana wa kinachoonekana. Kwa macho huwezi kujua kamera yako inafanya lipi. Weka kioo cha rula, piga picha kwa kila ukubwa, uhesabu. Ile rula ina milimita 1 iliyogawanywa sehemu 100, kila sehemu mikroni 10. Katika picha yako ya 2592 milimita nzima ni pikseli 2000. Pima mstari mrefu kadiri uwezavyo, si kigawanyo kimoja, kwa sababu kukosea pikseli 1 katika 2000 si kitu, lakini kukosea pikseli 1 katika 20 ni asilimia 5.

Umeuliza kuhusu kuikuza picha ya simu irudi 2592. Kwa hesabu, ndiyo: ukiikuza kamili hadi 2592 kwa 1944, pikseli inarudi kuwa 0.5 na chembe itasoma 72. Lakini picha haijarudi. Programu imezibuni pikseli zilizopotea kwa kukadiria kutoka kwa majirani zao. Ni kama kumsimulia mtu wa tatu maneno uliyoyasikia kwa wa pili: urefu wa hadithi unaweza kuwa uleule, yaliyoachwa njiani hayajarudi. Hupati faida yoyote kwa kuikuza. Iache ilivyo, uipe kipimo chake cha 0.81.

Kile kilichopotea njiani kinastahili tukitazame kwa karibu, maana hapa kuzidisha hakusaidii. Picha inapopunguzwa, pikseli mpya huwa mchanganyiko wa zile za zamani. Katikati ya chembe kubwa haina shida, giza likichanganywa na giza linabaki giza. Ukingoni, giza la chembe linachanganyika na weupe wa nyuma, linakuwa kijivu. Sasa wewe unaweka kizingiti cha mwangaza ili programu itenge chembe na nyuma yake. Kile kijivu kitaangukia upande gani? Kinategemea kizingiti. Kwa chembe ya mikroni 72 ukingo huo ni sehemu ndogo ya mwili wake. Kwa chembe ya mikroni 4, iliyokuwa na pikseli 8 na sasa ina 5 tu, ukingo ndio karibu mwili wote. Kukosea pikseli 1 ni kukosea sehemu moja ya tano. Nyingine zinafifia zinapotea kabisa, na mbili zilizokaribiana zinagandamana zikahesabiwa moja. Juu ya hayo, kubanwa kwa JPEG kunaacha madoa madogo kuzunguka kingo, na programu inaweza kuyahesabu kama chembe. Binafsi sipendi kuamini kipenyo cha chembe yenye pikseli chini ya 10.

Kwa hiyo uokoaji wako uende hivi. Kwanza zitenganishe faili kwa ukubwa wake wa pikseli, usidhani zote ni 1600 kwa 1200. Zile zilizozungushwa zikawa wima zinaweza kuwa 1200 kwa 1600; hizo tumia upande mrefu. Zenye 1600 na zenye uwiano wa 4 kwa 3, ambazo hakuna aliyezikata, vipimo vya urefu na kipenyo vizidishe kwa 1.62. Vya eneo usizidishe kwa namba hiyo. Eneo hupungua mara mbili, kwa upana na kwa urefu, hivyo kipimo chako cha sasa ni kama asilimia 38 tu ya eneo la kweli, na cha kuzidisha ni 1.62 kwa 1.62, yaani 2.62. Kama ulikadiria ujazo kutokana na kipenyo, umeshuka chini ya robo. Rudi kwenye kipenyo kilichosahihishwa ukokotoe upya. Vipimo vya umbo, kama kiasi cha uduara na uwiano wa urefu kwa upana, vile visivyo na mikroni ndani yake, viache.

Halafu jaribu kama dawa imefanya kazi. Chagua picha chache ambazo unazo zote mbili, asili na ya simu, upime chembe zilezile 20 au 30, kubwa na ndogo. Kubwa zitakubaliana karibu kabisa. Ukishuka kwenye ndogo utaona zinaanza kuachana, na mahali zinapoachana ndipo pa kuchora mstari: chini ya hapo, vipimo vya picha za simu usivitumie, rudi kwenye picha asili. Ukikuta picha yenye umbo la ajabu, tuseme 1100 kwa 940, hiyo imekatwa. Kama haina mstari wa skeli ndani yake, wala huna asili yake ya kuilinganisha, iache. Najua inauma ukikumbuka ulivyosimama kwenye matope kuchota sampuli hiyo, lakini namba ya kubahatisha itakuumiza zaidi.

Siku nyingine, pima kwanza kwenye picha asili, kisha upunguze kwa ajili ya kuonyesha watu. Mpangilio huo peke yake unaondoa shida nyingi. Ihifadhi picha asili kutoka ImageJ kwa faili ya aina ya TIFF, ambayo inabeba kipimo ndani yake, na usiiguse tena. Fanyia kazi nakala. Kama ni lazima kupunguza kabla ya kupima, labda kompyuta ni dhaifu au picha ni elfu, ipunguze ndani ya ImageJ, kwa uwiano rahisi kama nusu, ukiacha tiki kwenye chaguo la kutafuta wastani, na uangalie Properties kabla hujaendelea. Usikubali picha ivutwe upande mmoja. 2592 kwa 1944 ikisukumwa iwe 1920 kwa 1080 ili ijae kwenye slaidi, pikseli inakuwa 0.675 kwa upana na 0.9 kwa urefu, na chembe ya mviringo inageuka yai. Picha yenye rangi za alama, ile ambayo kila chembe imepewa namba yake, ibadilishwe ukubwa bila kukadiria, yaani uchague None pale penye orodha ya njia. La sivyo kati ya chembe namba 4 na namba 8 itazuka pikseli yenye namba 6, chembe ambayo haipo.

Na kwa kila picha utakayoitoa nje ya maabara, chora mstari wa skeli ndani ya picha yenyewe, tuseme mikroni 100, kabla haijapunguzwa. Mstari ule utapungua pamoja na chembe, kwa kiasi kilekile. Hata picha ikipita simu tano, mpokeaji wa mwisho ataupima mstari kwa pikseli na kujua kila kitu. Mkitumiana kwa WhatsApp, itumeni kama hati, si kama picha, na faili itafika ilivyo.

Kuna mambo ambayo siwezi kukutatulia kwa maandishi. Ukipima ile rula ikiwa imelala kwa upana na ikiwa imesimama kwa urefu ukapata vipimo viwili tofauti kwenye picha asili, au katikati ya picha na pembeni havikubaliani, basi shida si ya programu. Inaweza kuwa kamera imefungwa vibaya, au kioo cha kati ya kamera na lenzi si chake. Hapo mtafute fundi wa hadubini akae nayo. Na kama sehemu kubwa ya chembe zako zinaishia chini ya mikroni 10, usimame kwanza na ukaongee ana kwa ana na mtu wa mashapo, Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi au KMFRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa bahari na uvuvi, Mombasa, maana huenda picha siyo njia ya kuzipimia, au unahitaji lenzi yenye nguvu zaidi. Ukienda, beba kioo cha rula kilekile mlichotumia, picha yake asili ya 2592, na jozi tatu nne za picha zilizoachana.